Mwalimu Niliyemhamisha kwa Sababu ya Redio

Nilipofika Kibondo, katikati ya miaka ya sabini, nilikuwa na umri wa miaka ishirini na sita, sweta moja, na kichwa kilichovimba. Sweta alinifumia mama yangu huko Muheza baada ya kusikia kwamba nyanda za juu za Kigoma zina baridi. Kichwa nilijivimbisha mwenyewe. Nilikuwa nimefundisha miaka miwili tu, nikapelekwa kozi fupi ya masomo ya redio, na sasa nilikuwa msimamizi wa redio za shule wilaya nzima. Walioniona nikishuka kwenye basi na maboksi yangu wakadhani nimekuja kufungua duka.

Mpango wenyewe ulikuwa mzuri, na mpaka leo sitaki kuutukana. Watu walikuwa wamehamia katika vijiji vipya, madarasa yalikuwa yamefurika na walimu hawatoshi. Redio moja kwa kila shule, mwalimu mmoja hodari huko Dar es Salaam, na watoto wa kila pembe wakamsikia kwa wakati mmoja. Kipindi cha Kiswahili cha darasa la kwanza kilitoka Jumanne saa nne asubuhi, kikarudiwa Alhamisi saa hiyohiyo. Makosa nitakayoyasimulia ni yangu, si ya redio.

Niliketi mezani pangu nikapanga kila kitu bila kuinua mguu. Nilipanga redio ikae juu ya meza gani, nani atunze ufunguo wa kabati, betri zibadilishwe lini. Nikaweka na sharti moja nililokuja nalo kutoka kwenye kozi: kipindi kikiwa hewani, mwalimu akae kando na asiseme neno, maana akiingilia watoto watachanganyikiwa. Sharti hilo nililipigia mstari. Nilipolisoma tena nikaona halijakolea, nikapiga mstari wa pili.

Kisha tukawaita walimu mjini kwa semina ya siku moja. Wengine walitembea tangu alfajiri. Nilisema kwa saa mbili, nikawaonyesha redio kwa nje na kwa ndani kama anayeuza ng'ombe mnadani. Mwishoni nikauliza kama kuna swali, huku natazama saa yangu ya mkononi. Nadhani nilitumia ulimi na macho kutoa amri mbili tofauti, na wengi wakatii macho.

Mmoja hakutii. Alikuwa mwalimu wa kike wa shule moja upande wa Busunzu, mama wa miaka thelathini na kitu, mwenyeji wa hukohuko, mfupi, na uso wa mtu asiyependa kupotezewa muda. Alikuwa amefundisha darasa la kwanza miaka tisa mfululizo. Alisema watoto wake nyumbani wanasema Kiha, Kiswahili wanaanza kukipata kwake Januari, sasa yeye akikaa kimya, nani atajua kama wamemwelewa huyo mwalimu wa redio? Nikamjibu kwamba redio itawazoesha. Nikaongeza kwamba labda shida si watoto, ni walimu wanaoendekeza Kiha darasani. Watu wakacheka. Yeye hakucheka, akakaa chini na kuandika kitu kwenye daftari lake.

Kitu nilichokipenda kuliko vyote kilikuwa fomu. Niliitunga mwenyewe, mama mpiga chapa wa ofisi yetu akaikata kwenye stensili, tukatoa nakala hadi vidole vikawa vyeusi. Kila wiki mwalimu wa darasa alitakiwa kuijaza: kipindi kimesikika au hakikusikika, sauti nzuri au mbaya, betri zina nguvu au zimekwisha, watoto wangapi wamehudhuria, na mambo mengine ya namna hiyo. Nafasi ya mwalimu kusema alivyoona yeye haikuwemo. Ningependa kusema nilisahau, lakini ukweli ni kwamba wazo hilo halikunijia hata kidogo.

Fomu zikaanza kuja. Nilizitazama upande wa mbele, nikahesabu alama za ndiyo, nikazibana kwenye faili. Shule ya yule mama ilileta zake kila wiki bila kukosa, zimejazwa kwa mwandiko mdogo ulionyooka.

Mwezi wa tatu nikaenda kumkagua. Landrova ya ofisi ilinishusha shuleni saa tatu na nusu, sweta langu limelowa ukungu. Darasa lake lilikuwa la miti na udongo, watoto wamebanana kwenye magogo, wengine chini. Nilipoingia walisimama, wakainama kidogo, wakapiga makofi taratibu, yale makofi laini ya viganja ambayo Waha humwamkia nayo mtu mzima. Mwalimu wao akaniamkia kwa Kiha, "Mwakeye," halafu kwa Kiswahili, akanipa kiti chake.

Saa nne ikafika, akawasha redio, akaenda kukaa kando, mikono mapajani, mdomo umefungwa. Alikuwa anafuata sharti langu. Mwalimu wa redio akasema, "Hamjambo, watoto?" Watoto wakainama, wakapiga makofi taratibu, wakanyamaza. Redio ikasubiri kidogo, kisha ikasema, "Vizuri sana." Ikawataka wataje rangi, wakanyamaza. Ikawataka waseme wote pamoja, "Mama anapika chakula," wakanyamaza, macho wameyakaza kwenye kile kiboksi kwa adabu zote. Redio ikawapongeza tena. Ilikwenda hivyo mpaka mwisho, redio ikisifu na darasa likiwa kimya kama kaburi, na mimi pale kwenye kiti nikipanda joto.

Kipindi kilipokwisha nilisimama nikamwuliza mwalimu, mbele ya watoto wake, kwa nini hawajibu. Leo nikikumbuka hilo la mbele ya watoto naona haya. Yeye alijibu kwa upole.

"Wanamsubiri amalize, ndugu afisa. Mtu mzima akiwa anasema, hawamkatizi. Wamefunzwa hivyo na mama zao."

Nikaona ni kisingizio. Aliniomba nikae kidogo, maana sasa ndiyo anaanza somo, nitawasikia. Dereva alikuwa anapiga honi, na kazi yangu, nilivyoiona wakati ule, ilikuwa redio, na redio ilikuwa imeshazimwa. Nikaondoka. Nikiwa naingia kwenye gari nilisikia sauti za watoto kutoka darasani, nyingi na kubwa, zikikariri sentensi. Niliufunga mlango wa gari.

Mwezi wa tano niliandika ripoti. Niliandika kwamba mwalimu huyo hashirikiani na mpango, kwamba darasa lake halijibu redio, na kwamba hakutoa maoni yoyote ya kusaidia. Nikapendekeza aletwe mwalimu kutoka mkoa mwingine asiyejua Kiha, ili Kiswahili kipate nafasi. Mkubwa wangu, mzee mmoja wa Bukoba aliyekuwa mtaratibu katika kila jambo, alinisomea pendekezo langu kwa sauti, akaniuliza kama nina hakika. Nikasema ninayo. Kwa bahati, au kwa bahati mbaya, Kasulu walikuwa wanahitaji mtu mwenye uzoefu wa darasa la kwanza na walikuwa tayari kutupa kijana mmoja wa mkoa mwingine badala yake. Barua ikatoka. Mwalimu akapewa siku tatu kukabidhi darasa.

Nilijua ana nini cha kupoteza. Alikuwa amejenga nyumba karibu na shule, ana shamba la maharage na kahawa kidogo, na katika shule nzima ni yeye peke yake aliyeweza kumwuliza mtoto wa wiki ya kwanza kwa nini analia, akaelewa jibu. Nilijua yote hayo, na nikaona ni gharama ya maendeleo. Ukitaka kujua kijana amevimba kichwa, msikilize akitamka maendeleo.

Wiki ya pili baada ya yeye kuondoka, karatasi ziliisha ofisini. Mvua zilikuwa zimeharibu barabara na mzigo wetu ulikuwa umekwama Kigoma. Nikaenda mjini kwa mfanyabiashara mmoja, Mwislamu mwenye ndugu zake Ujiji, aliyekuwa akituuzia betri, nikamkuta hana hata daftari la mtoto. Mkubwa wangu akatuambia tutumie upande wa pili wa karatasi za zamani. Mama mpiga chapa akaja mezani kwangu akinicheka, akasema fomu zangu zile ndizo karatasi nyingi kuliko zote ofisini, sasa zitapata kazi. Nikatoa faili, nikaanza kuzifungua moja moja na kuzigeuza.

Za shule nyingi zilikuwa nyeupe. Za shule ya upande wa Busunzu zilikuwa zimejaa.

Kila fomu yake, wiki hadi wiki, ilikuwa imeandikwa nyuma kutoka juu mpaka chini kwa mwandiko uleule mdogo. Ya kwanza ilisema: "Watoto wamekaa kimya. Si wajinga. Naomba kipindi cha Jumanne nisikilize mimi peke yangu, niwatayarishe, kisha wao wasikilize marudio ya Alhamisi." Nyingine ilisema: "Leo redio imefundisha kukuna nazi. Hapa hakuna aliyewahi kuiona nazi. Nimeleta boga, tumelikata, tumejifunza maneno yale yale." Nyingine ilitaja maneno ya kipindi hicho ambayo watoto waliyashika na ambayo hawakuyashika, yamepangwa kwenye safu mbili, na kwa kila moja sababu yake.

Fomu ya wiki iliyofuata ukaguzi wangu naikumbuka neno kwa neno mpaka leo. "Nimejaribu bila ruhusa, nisamehewe. Jumanne nimesikiliza peke yangu. Alhamisi nimewaambia watoto kwamba huyu mgeni wa redio haoni, hajui kama wamepiga makofi, na asipojibiwa kwa sauti atadhani ametembelea nyumba isiyo na watu. Wamejibu wote. Ndugu afisa, njoo Alhamisi usikie."

Sikwenda, kwa kuwa sikuisoma. Wiki iliyofuata aliandika tena niende. Iliyofuata aliandika: "Naandika nyuma kwa sababu mbele hapana nafasi. Kama unasoma, nitumie salamu tu kwa dereva, nitajua." Halafu fomu nne zilizozungumzia masomo tu, bila kunitaja. Ya mwisho haikuwa na neno hata moja kwangu. Ilianza hivi: "Kwa mwalimu atakayekuja." Ilieleza kwamba mtoto anayekaa karibu na mlango hasikii kwa sikio la kushoto, asiwekwe mbali na redio, kwamba mapacha wasitenganishwe mpaka mwezi wa sita, kwamba darasa likinyamaza asiwapigie kelele, awakumbushe kuhusu mgeni asiyeona.

Niliweka kichwa mezani. Mama mpiga chapa akaniuliza kama ni malaria. Nikamwambia ni aibu, na kweli ilikuwa aibu, ile ya kuchoma masikio, ya mtu aliyeandika kwa mkono wake kwamba mwenzake hakutoa maoni, wakati maoni ameyakalia.

Nilizibeba fomu zote hadi kwa mkubwa wangu, nikamwekea mezani kifudifudi. Alizisoma zote bila haraka, nami nimesimama. Alipomaliza alivua miwani akaniambia kwamba uhamisho unaweza kutenguliwa, lakini hautatenguliwa hewani. Lazima mtu aandike kwamba ripoti ya kwanza ilikuwa ya uongo, atie sahihi, na barua hiyo ingekaa kwenye faili langu. Nilikuwa sijathibitishwa kazini bado. Alilisema hilo bila kunitisha, kama mtu anayemwonyesha mwenziwe shimo njiani. Niliandika barua hiyo siku ileile, nyuma ya fomu ya shule nyingine maana hakukuwa na karatasi. Ilichukua wiki tatu kuzungumza na wenzetu wa Kasulu. Hatimaye barua ya kumrudisha ikatoka, imesainiwa na kugongwa muhuri, na nikaomba niipeleke mwenyewe.

Njiani nilisimama shuleni kwake upande wa Busunzu. Yule kijana aliyeletwa badala yake alikuwa mstaarabu, na alikuwa amechoka. Aliniambia kwamba watoto ni wazuri sana ila hawasemi. Fomu yenye maelezo hakuipata, ilikuwa kwenye faili langu. Alisema na yeye huko Kasulu aliachishwa darasa lake katikati ya muhula, hakujua kwa nini. Nilimpa ile karatasi. Aliisoma, akageuka kumtazama mtoto aliyekaa karibu na mlango, akamwita kwa mkono aje mbele. Nikaendelea na safari nikiwa na furaha ya mtu anayekwenda kulipa deni. Barabara yote nilikuwa najisomea moyoni namna nitakavyoomba radhi na namna atakavyopokea.

Nilimkuta Kasulu kwenye shamba la shule, anapalilia maharage na darasa lake. Walikuwa wengi kama wale wa kwanza. Walikuwa wanahesabu mashina kwa Kiswahili kwa sauti kubwa, na mmoja akikosea wenzake wanacheka, yeye anaanza tena. Aliponiona alifuta mikono kwenye kanga, akaja, akaniamkia kama siku ile.

Nikaomba radhi. Nilisema nimesoma nyuma ya fomu, zote, na nimechelewa, na niliyoandika juu yake hayakuwa kweli, na nimeyafuta kwa sahihi yangu. Sikuyasema kwa ufasaha niliojiandalia. Yeye alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kama ile ya mwisho imemfikia kijana. Nikamwambia imemfikia leo. Akashusha pumzi, na hapo ndipo nilipomwona kwa mara ya kwanza akitabasamu.

Nikampa barua. Aliisoma amesimama, akairudia. Nami nikasubiri shukrani. Nasema kweli, nilisubiri shukrani.

"Imeandikwa niripoti Busunzu Jumatatu," alisema.

Nikasema ndiyo, Jumatatu, na gari la ofisi nimeshaliombea lije kubeba vitu vyake Jumamosi.

"Leo ni Alhamisi, ndugu afisa. Na hawa?"

Aligeuka akawatazama watoto. Alieleza kwamba alipofika walikuwa wamenyang'anywa mwalimu wao ghafla, wiki mbili walimtazama kama polisi, na ndiyo kwanza wameanza kusema. Alisema kwamba anataka kurudi kwake, nisimwelewe vibaya. Nyumba yake imefungwa, maharage yake yanaliwa na mbuzi wa watu, na wale watoto wa kule anawaota. Halafu aliikunja barua vizuri kabisa, akainyoosha kuelekea kwangu.

"Ile barua mbaya hamkuniuliza. Na hii nzuri pia hamkuniuliza."

Alisema bila hasira yoyote, na hilo ndilo lililoniumiza. Nilitaka kujitetea. Nilikuwa na utetezi mzuri: kwamba nilihatarisha kazi, kwamba nilipigania barua hiyo wiki tatu. Yote yalikuwa kweli, na katika wiki zote tatu sikuwa nimemtumia hata salamu kwa dereva kumwuliza anataka nini.

Watoto walikuwa wameacha kuhesabu, wanatutazama. Nikaichukua barua kutoka mkononi mwake, nikaiweka juu ya boneti ya Landrova, nikatoa kalamu. Kwenye kozi yangu na katika utumishi wote sikuwahi kufundishwa kugusa barua iliyokwisha kusainiwa na mkubwa. Nikakata neno Jumatatu kwa mstari mmoja, na nikamwuliza niandike siku gani.